Papa Simon Kimbangu: Miaka 30 Katika Buloko ya Mji Wetu



Kila mwaka, tarehe 12 ya mwezi wa kumi, wako Wakristo wanaokumbuka kifo kilichotokea hapa hapa kwetu mwaka 1951, wakati mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Vijana wetu wengi wanalijua jina la Simon Kimbangu kama jina la nabii wa Kongo ya Chini, mtu wa mbali, mtu wa lugha nyingine. Wakisikia kwamba alifia Lubumbashi wanashangaa. Lakini ndivyo ilivyo. Alizaliwa kule, akahubiri kule kwa miezi michache tu, lakini kwa miaka karibu 30 alikuwa mtu wa mji wetu, ikiwa mfungwa anaweza kuitwa mtu wa mji.

Tunaandika habari zake kwa sababu ya swali moja ambalo halikomi katika vikundi vyetu vya maombi. Wazee wetu wanakumbuka nyakati za Union Minière na za Gécamines: nyumba ya kompanyi, posho ya unga, hospitali, shule ya watoto, yote kwa mkono wa kompanyi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango mmoja, na jamaa nyingi zikabaki zikitazamana. Tangu siku zile tumesikia mababa wenye imani wakiuliza: kama Mungu anatupenda, mbona ametuondolea raha yetu? Wengine wamekwenda kutafuta kanisa ambalo linawaahidi gari na nyumba kabla ya mwisho wa mwaka. Hatuwacheki. Njaa si jambo la kuchekwa. Lakini tunaomba wasome kwanza maisha ya mtu huyu, kwa maana yeye naye alitafuta raha, naye alikuwa na sababu nzuri za kuitafuta.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha jimbo ambalo leo ni Kongo-Central. Kanisa lake linahesabu mwaka 1887. Kuna waandishi wanaoweka 1889. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama mwingine wa jamaa, jina lake Kinzembo. Alisoma katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza, pale Ngombe-Lutete, akabatizwa tarehe 4 Julai 1915 pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu. Mungu aliwapa watoto watatu, wote wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda, ambaye alizaliwa mwaka 1918. Alifundisha dini. Alilima. Hakuwa mtu mkubwa wala tajiri, na katika Nkamba hapakuwa na mtu aliyetazamia neno lolote la ajabu kutoka nyumbani mwake.

Ndipo ukaja mwaka ule wa 1918, mwaka wa homa kubwa iliyozunguka dunia yote na kuua watu wengi pia katika Kongo. Kadiri kanisa lake linavyosimulia, usiku mmoja alisikia sauti ikimwita kuwachunga kondoo wa Bwana. Naye alikataa. Alijibu kwamba hana elimu ya kutosha, kwamba wako wachungaji na wamisionari wanaofaa kwa kazi ile, waitwe wao. Sauti ikarudi usiku mwingine, naye akakataa tena. Mwishoni akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya: akaondoka. Akaenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akatafuta kazi katika kompanyi ya mafuta ya ngazi.

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo mahubiri mengi yanapita upesi. Watu wanapenda nabii anayeponya. Nabii anayekimbilia mshahara hawapendi kumsimulia. Lakini fikirini mambo ya nyumba yake. Ana mke, ana watoto wadogo watatu, na kodi ya Wabelgiji haingoji mtu. Mjini kuna kazi. Nani angesema kwamba anatenda dhambi? Hakwenda kunywa pombe, hakwenda kuiba. Alikwenda kufanya kazi kama watu wote. Hata hivyo alijua moyoni mwake kwamba anakimbia, kama Yona alivyojua alipolipa nauli ya merikebu.

Na Kinshasa haikumpa alichokuja kutafuta. Wanasimulia kwamba alifanya kazi na miezi ikapita mshahara haumfikii. Na ile sauti, aliyodhani ameiacha nyuma milimani, ilimfuata mpaka mjini. Basi akarudi Nkamba mikono mitupu, akashika jembe tena, akawa kimya.

Sisi tunaona kwamba hii ndiyo fimbo ya Baba katika maisha ya Simon Kimbangu. Ndugu wengi wanadhani ni ile buloko. Tutaona baadaye kwa nini tunatenganisha mambo haya mawili. Mwandishi wa barua kwa Waebrania, sura ya 12, anafundisha kwamba Mungu huwarudi wale anaowapenda, kama baba anavyomrudi mtoto aliye wake kweli. Baba hampigi mtoto ili amvunje mkono. Anafunga njia moja ili mtoto apite nyingine. Kinshasa Mungu hakumtumia Simon ugonjwa, hakumwua mtoto wake. Alimnyima tu ile raha iliyokuwa inamficha asisikie. Mshahara ule kama ungelifika kwa wakati, labda angelileta mke na watoto mjini, angelizeeka huko, na leo hakuna mtu angelitaja jina lake.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa, jina lake Nkiantondo. Akaweka mikono juu yake, akaomba kwa jina la Yesu Kristo, naye mama akapona. Tangu siku ile Nkamba haikulala. Watu walikuja kwa miguu kutoka pande zote, wakiwabeba wagonjwa wao. Wakulima waliacha mashamba, wafanyakazi waliacha kompanyi, na wagonjwa waliondoka hata katika hospitali. Simon aliwafundisha kuacha dawa za wachawi na sanamu, kuacha kuoa wake wengi, kuacha ngoma za uchafu, na kumwamini Yesu peke yake. Watu walichoma sanamu zao wenyewe, bila mzungu kuwaamuru. Jambo ambalo wamisionari walikuwa wamelihubiri miaka mingi kwa shida lilitendeka kwa majuma machache, kwa kinywa cha mtu mweusi.

Leta iliogopa. Tarehe 11 Mei mzungu wa Leta, Léon Morel, alifika Nkamba kutazama. Tarehe 6 Juni alirudi na askari ili kumfunga Simon. Katika fujo ile Simon aliwaponyoka, na kwa muda wa miezi mitatu alijificha huku akifundisha kutoka kijiji mpaka kijiji, watu wakimficha na kumlisha.

Hapo ndugu mmoja katika darasa letu la Biblia alisimama na kuuliza: mbona hapa pia alikimbia? Kuna tofauti gani na Kinshasa? Swali ni la haki. Sisi tunajibu hivi: Kinshasa alikimbia kazi ya Mungu, mwezi wa Juni aliwakimbia askari ili aendelee na kazi ya Mungu. Mguu ni ule ule, barabara yaweza kuwa ile ile, lakini moyo unaelekea upande mwingine. Paulo naye aliteremshwa ukutani ndani ya kapu kule Dameski, na hakuna anayemwita mwoga.

Tena tazameni jinsi mambo yalivyokwisha. Tarehe 12 Septemba 1921 Simon alirudi mwenyewe Nkamba, mahali pale pale ambapo Leta ilikuwa inamtafuta. Hakuna aliyemshika mkono kumrudisha. Angaliweza kuvuka mpaka wa Angola. Hauko mbali na pande zile. Aliwakataza watu wake wasiinue mkono, wasirushe hata jiwe, akajitoa. Yule aliyekwenda Kinshasa asingaliweza kufanya hivyo. Miaka michache tu ilipita kati ya mtu yule na mtu huyu.

Wakampeleka Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu, mbele ya baraza la kijeshi, mkubwa wake Komanda De Rossi. Hakupewa mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 wakamhukumu kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa, kwa neno la kuvuruga usalama wa Leta. Mtu ambaye silaha yake ilikuwa maombi! Wamisionari Waprotestanti, na kati yao wako waliokuwa hawapendezwi na mambo ya Nkamba, waliomba ahurumiwe, na mfalme wa Wabelgiji, Albert wa Kwanza, akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kisha wakatafuta mahali pa mbali kabisa na watu wake. Wakaona Katanga.

Ndivyo alivyofika kwetu. Toka Nkamba mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500 ukipima kwa mstari ulionyoka, na njia za siku zile hazikunyoka. Reli ya kutoka Ilebo haikuwapo, ilimalizika mwaka 1928. Kwa watu wa Nkamba, Elisabethville ilikuwa kama nchi nyingine: mji mchanga wa shaba, haujatimiza hata miaka 12, wenye watu waliokuja kufanya kazi kutoka Kasai, Rhodesia na kila mahali, wakisema Kiswahili ambacho yeye hakulelewa nacho. Wakamfungia hapo, sehemu kubwa ya miaka yake akiwa peke yake.

Sasa turudi kwenye lile tulilosema. Kuna wahubiri wanaosema kwamba buloko hii ilikuwa adhabu ya upendo ya Mungu, na kwa hiyo kila anayeteswa anyamaze tu na kushukuru. Sisi hatufundishi hivyo. Fimbo 120 hazikuwa za Baba yetu. Zilikuwa za De Rossi. Hukumu bila mtetezi haikuwa hekima ya Mungu, ilikuwa udhalimu wa watu, na udhalimu lazima uitwe kwa jina lake hata ukipita miaka 90. Na kweli, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya nchi yetu huko Kinshasa iliifuta hukumu ile ya 1921. Mungu hakuhitaji uovu wa Leta ili ampende Simon. Lakini alikuwa amemtayarisha. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa raha na Baba yake, kwa upole, hana kitu kikubwa ambacho adui anaweza kumtishia nacho. Wabelgiji walipomwondolea nyumba, shamba, mke na watoto, walimkuta mtu ambaye alikuwa amejifunza tayari kwamba uzima wake haumo katika vitu hivyo. Ndiyo maana walikosa kumvunja.

Na hili tunalisema pia kwa wale wa Gécamines. Hatuna neno kutoka kwa Bwana la kusema kwamba mambo ya 2003 yalikuwa fimbo yake. Pengine yalikuwa hesabu mbaya za watu na siasa mbaya za watu, na wenye haki yao waidai. Swali ambalo kila mmoja atajiuliza usiku, peke yake, ni lingine: wakati posho ilipokuwa inafika, je, kulikuwa na sauti ambayo ilituita nasi tukasema iwaite wengine?

Mji ulikua nje ya ukuta wa buloko. Katika miaka ile mtaa wetu wa Kamalondo uliitwa Albert, na kila mkaaji alitamka jina hilo kila siku, huku mtu ambaye Mfalme Albert alimwachia roho yake tu, bila uhuru wake, anazeeka karibu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, waliokuwa wanadai mshahara wa kuwatosha katika vita, walipigwa risasi na askari wa Leta hapa mjini, na wengi wakafa. Simon alikuwa mfungwa wa mji huu siku ile, akiwa na miaka 20 ya kifungo. Kama wapo kati ya wasomaji wetu wanaosimuliwa habari za siku hiyo na babu zao, wakumbuke kwamba kulikuwa na mwombaji mmoja zaidi katika mji, ambaye wale mababu hawakumjua.

Tusimsahau Mama Marie Mwilu. Hakufungiwa katika chumba, lakini Leta ilimwangalia kila anapokwenda. Watoto wawili, Kisolokele na baadaye Diangienda, walichukuliwa kwenda shule ya Leta kule Boma. Dialungana alibaki naye. Mume wake hakumwona tena katika dunia hii. Watu walipokuja kwake usiku kuuliza njia, yeye ndiye aliyewatia moyo na kulichunga kundi kwa siri. Kusali kwa jina la mume wake kulikuwa kosa, na waliokamatwa walihamishwa pamoja na jamaa zao mpaka sehemu za mbali kama Lowa. Kanisa lao linahesabu jamaa 37,000 zilizohamishwa katika miaka ile. Leta ilidhani inautawanya moto ili uzimike. Kila walipotupwa waliomba, na watu wa huko wakasikia. Mama zetu wa chama cha akina mama wanatuambia kwamba wao wanajifunza zaidi kwa Mama Mwilu kuliko kwa Papa mwenyewe, kwa sababu mfungwa anajua angalau ukuta wake uko wapi, lakini mama aliyebaki nyumbani anapaswa kupika, kulima na kujibu maswali ya watoto kila siku kana kwamba hakuna kitu. Tunaona wana haki.

Papa Simon alifariki tarehe 12 Oktoba 1951 katika hospitali ya mji huu. Ilikuwa imepita miaka 30 na siku tisa tangu hukumu ya Thysville. Walimzika hapa hapa, katika udongo wetu mwekundu, bila watoto wake na bila mke wake. Wale waliokuwa katika soko siku ile hawakusikia kitu.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Tarehe 24 Desemba 1959 Leta ilikubali kanisa la wafuasi wake kwa sheria. Mwaka 1960 Kisolokele, yule mtoto aliyepelekwa Boma, alikuwa waziri katika serikali ya Lumumba. Mwaka 1969 kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi yetu yote kwa ajili ya kumbukumbu ya Kimbangu, na ofisi za Leta zinafungwa kwa heshima ya mtu ambaye Leta ilimfunga.

Mwanzoni mwa 1960, miezi michache kabla ya uhuru, kaburi lake hapa mjini lilifunguliwa, na sanduku likasafirishwa kwenda Kongo ya Chini. Tarehe 3 Aprili 1960 alipokelewa Nkamba, kwa nyimbo, na umati wa watu ambao wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wametoka katika vijiji walimohamishiwa. Mama Marie Mwilu hakuwa kati yao. Alikuwa amelala katika Bwana tarehe 27 Aprili 1959, akiwa amemngoja karibu miaka 38.